Shangazi, mume wangu anachomea dhahabu ndani ya nyumba na mimi ni mjamzito

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 26, nimeolewa, tunaishi kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo mkoani Geita. Tuna binti wa miaka mitatu na sasa nina mimba ya miezi minne. Naandika usiku huu kwa sababu usingizi umenikataa tangu niliporudi kliniki.

Mume wangu ana mgawo kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, pamoja na wenzake. Mawe yakipanda yanasagwa kwenye karasha, halafu sisi wanawake tunaosha mwaloni, yaani sehemu ya kuoshea dhahabu, kwa ujira wa siku. Mchanga mzito ukibaki tunautia zebaki kwenye beseni, tunaukanda kwa mikono mitupu mpaka zebaki ikamate dhahabu, tunakamua kwa kitambaa, linabaki donge la dhahabu na zebaki. Kazi hii naijua tangu usichana wangu. Mimba ya kwanza niliibeba hapo hapo mwaloni mpaka mwezi wa nane.

Kuchoma donge ni kazi ya mume wangu. Anachomea nyumbani usiku, maana anaogopa wezi. Nyumba yetu ni chumba na sebule. Anafunga dirisha, anaweka donge kwenye kipande cha bati juu ya jiko la mkaa, na jiko hilo hilo asubuhi napikia uji. Mimi na mtoto tunakuwa tumelala upande wa pili wa pazia.

Binti yetu alizaliwa miezi tisa ikiwa imetimia, lakini mzani ulisoma kilo 2.1. Alitembea akikaribia miaka miwili, na mpaka leo maneno yake yanahesabika. Mimi nilijua watoto hutofautiana. Sasa juzi kliniki, nesi aliposikia tunaishi machimboni akaniambia, "Mama, zebaki inaharibu mtoto tumboni," kisha akaita mwingine. Nimebaki na neno hilo moja.

Nilipomwambia mume wangu, alisema natafuta sababu ya kukwepa kazi. Mama mkwe akasema yeye amezaa saba akiosha dhahabu na wote wana akili zao. Jirani ananiambia ninywe maziwa kila siku yasafishe sumu. Nakuficha nini Shangazi, nina mengine mawili: nakula udongo wa pemba kila siku, siwezi kulala bila kuutafuna, na nilianza kupaka krimu niliyonunua mnadani baada ya uso kufanya mabaka.

Je, binti yangu nimemharibu mimi? Huyu aliye tumboni bado anaokoka? Niondoke nirudi kwa wazazi wangu mpaka nijifungue?

Mama mwenye mashaka, Geita

JIBU

Marahaba mwanangu.

Ningekuwa jirani yako ningevuka ua leo kabla jua halijazama nikaseme na mumeo neno moja: donge lisichomwe tena ndani ya nyumba hiyo, hata usiku mmoja. Mengine mengi nitakayokueleza yanaweza kusubiri siku chache. Hilo halisubiri.

Nakueleza sababu, maana nesi alikuachia tishio bila maelezo na mtu hawezi kuishi na tishio tupu. Wengi machimboni wanaogopa kugusa zebaki, na moshi wanauvuta bila wasiwasi. Mambo yako kinyume kabisa. Zebaki ile ya majimaji ukiigusa, inayopenya kwenye ngozi ni kidogo. Hata mtu akimeza tone, karibu lote hupita tumboni likatoka chooni. Lakini ikipata moto inageuka mvuke usio na rangi wala harufu, na mtu akiuvuta, karibu asilimia 80 ya alichovuta hubaki mwilini. Kutoka kwenye mapafu inaingia kwenye damu, na damu ya mama ndiyo inayomlisha mtoto kupitia kondo la nyuma. Kondo huzuia vitu vingi. Mvuke wa zebaki linaupitisha.

Fikiria donge lililokwisha kukamuliwa kwa mkono. Karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Maana yake, usiku ambao mumeo anapata gramu moja ya dhahabu, takriban gramu moja ya zebaki imeingia kwenye hewa ya chumba mnacholala. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba hewa ambayo watu wanaivuta mwaka mzima isizidi maikrogramu moja ya mvuke wa zebaki kwa kila mita ya ujazo. Gramu moja ina maikrogramu milioni moja. Na haiishi usiku ule. Mvuke ukipoa unarudi kuwa vitone vidogo visivyoonekana kwenye bati, kwenye pazia, kwenye neti, kwenye nyufa za sakafu, halafu jua la mchana likipasha bati, vinapanda tena hewani kidogo kidogo. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo anayecheza sakafuni, yaani binti yako, yuko karibu nao kuliko ninyi.

Sasa mama mkwe. Usibishane naye, na usimwone mjinga. Anasema alichokiona kwa macho yake, na zebaki ina tabia ya kumwacha mama anaonekana mzima huku ikimfikia mtoto. Dunia ililijua hili kwa uchungu huko Minamata, Japani. Kiwanda cha Chisso kilikuwa kinamwaga maji yenye zebaki baharini, samaki wakaibeba, watu wakala samaki. Ugonjwa ulitangazwa rasmi mwaka 1956. Baadaye wakaonekana watoto waliozaliwa hawawezi kukaa, kumeza wala kusema, na mama zao walikuwa wazima au wana dalili ndogo tu. Madaktari wa wakati ule waliamini kondo linamkinga mtoto dhidi ya sumu, kwa hiyo haikukubaliwa rasmi mpaka mwaka 1962 kwamba watoto wale walidhurika tumboni. Huku kwetu kitovu cha mtoto kinazikwa. Kule Wajapani wengi hukikausha wakakitunza kwenye kisanduku nyumbani. Daktari Masazumi Harada alivikusanya vitovu vile, vikapimwa, na zebaki ikakutwa ndani yake miaka mingi baada ya watoto kuzaliwa. Akina mama wale walikuwa wamehifadhi ushahidi bila kujua.

Nikuambie ukweli wote: zebaki ya Minamata ilikuwa ya aina nyingine, ile inayojengeka kwenye samaki, na ni kali zaidi kwa ubongo wa mtoto kuliko mvuke mnaouvuta ninyi. Sitaki ulale ukiwaona watoto wale kila ukifumba macho. Lakini njia ni ile ile, kupitia kondo, na ubongo unaojengwa ni ule ule. Viungo vya mtoto huumbwa zaidi katika miezi miwili ya kwanza, ila ubongo unaendelea kukua mimba yote na hata baada ya kuzaliwa. Ndiyo maana kuacha leo, ukiwa mwezi wa nne, kuna faida kubwa. Mwili una njia ya kuitoa zebaki, zaidi kwa mkojo. Ukiacha kuivuta, baada ya takriban miezi miwili iliyo mwilini inapungua kama nusu, na miezi miwili mingine inapungua nusu tena. Hesabu mwenyewe mpaka siku ya kujifungua. Iliyofika kwenye ubongo hukawia zaidi, sitakuficha, lakini kila usiku bila moshi ni faida ya mtoto huyo.

Umeuliza kama binti yako umemharibu wewe. Mwanangu, hapana, na usilirudie neno hilo, hasa mbele yake. Kwanza, kwa barua tu hakuna anayeweza kusema kilo 2.1 zilitokana na nini. Mtoto aliyezaliwa chini ya kilo 2.5 huhesabiwa ana uzito mdogo, na katika mikoa ya Kanda ya Ziwa ningeanza kuuliza kuhusu malaria na upungufu wa damu kabla ya zebaki. Malaria hujificha kwenye kondo na kumnyima mtoto chakula hata kama mama hana homa. Kisha ningeuliza kuhusu moshi wenyewe wa mkaa kwenye nyumba iliyofungwa. Kaboni monoksaidi ya mkaa hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mtoto asiyepata oksijeni ya kutosha hukua kwa shida. Yawezekana ni zebaki, yawezekana ni hayo mengine, yawezekana ni yote pamoja. Cha kufanya ni kumpeleka hospitali apimwe makuzi na masikio, na umweleze daktari waziwazi kuhusu kuchoma dhahabu ndani, maana asipoambiwa hataliwaza. Hospitali ya wilaya wakishindwa, wawape rufaa kwenda hospitali kubwa ya Chato au ya Bugando, Mwanza. Mtoto wa miaka mitatu mwenye maneno machache bado anasaidika sana akianza mapema.

Pemba sasa, na hapa naomba unisikilize kama unavyomsikiliza mama yako. Hamu ya udongo mara nyingi huenda pamoja na damu pungufu, kwa hiyo sikulaumu, mwili unaomba kitu. Lakini udongo unaozuia hamu unazuia pia madini ya chuma yasiingie mwilini, na damu inazidi kushuka. Tena udongo wa maeneo ya machimbo umewahi kupimwa ukakutwa na madini yenye sumu: risasi, aseniki na zebaki. Risasi naiogopa kwa namna ya pekee. Mwili unaidhania kuwa kalisi, madini yanayojenga mifupa, unaihifadhi kwenye mifupa, kisha mimba ikija na mtoto akihitaji kalisi, mifupa inafunguliwa na risasi inatoka nayo. Kupunguza ukuaji wa mtoto tumboni ni jambo linalojulikana vizuri kuhusu risasi, na hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Punguza pemba mpaka uiache, na wiki hii hii omba wakupime wingi wa damu. Kwa mjamzito ikiwa chini ya 11 ni pungufu. Ukitibiwa, hamu nayo mara nyingi inalegea.

Kuhusu maziwa, jirani yako amekosea na amepatia. Hayasafishi zebaki, hakuna chakula kinachoisafisha, na wachimbaji wanaokunywa maziwa kisha wakakaa juu ya moshi wanajidanganya. Lakini kalisi iliyomo inasaidia mwili usipokee risasi nyingi. Yanywe, ila yasiwe ruhusa ya kuchomea ndani. Dagaa na samaki wadogo kula kabisa. Zebaki ya samaki hujaa zaidi kwa wale wakubwa wanaokula wenzao, na mtoto anahitaji protini hiyo. Dawa za kienyeji za "kutoa sumu" usiguse. Hata dawa za hospitali za kuondoa zebaki, mjamzito hapewi bila bingwa kuamua.

Krimu itupe leo. Krimu nyingi za kung'arisha uso zisizo na maelezo ya kueleweka zimewahi kukutwa na chumvi za zebaki, na hiyo inapenya ngozini vizuri kuliko ile ya majimaji. Nyingine zina steroidi kali, nazo zikitumika kwa wingi wakati wa mimba zimehusishwa na watoto wenye uzito mdogo. Mabaka ya uso ni ya mimba, wanawake wengi huyapata, na mara nyingi hupungua baada ya kujifungua.

Kuhusu kuondoka: sikushauri uvunje nyumba. Lakini kama mumeo atakataa kabisa kutoa moto nje, nenda kwa wazazi mpaka ujifungue, na mchukue binti. Nitakutetea kwa hilo. Kabla ya kufika huko jaribu njia hii. Usimwendee na maneno ya sumu, ameshayasikia akaona unakwepa kazi. Mwendee na hesabu. Zebaki anainunua, na kila usiku anaiteketeza hewani. Kuna kifaa kinaitwa retoti, chungu cha chuma chenye kifuniko na bomba linalopita kwenye maji. Donge likichomwa humo, mvuke unapoa unarudi kuwa zebaki, na sehemu kubwa sana inapatikana itumike tena. Kwenye ofisi ya Afisa Madini Mkazi waulize inakopatikana iliyotengenezwa sawasawa. Nayo itumiwe nje, mbali na nyumba, upepo ukipuliza kuelekea pasipo watu, na isifunguliwe mpaka ipoe kabisa.

Hofu yake ya wezi ni ya kweli, tusiidharau. Lakini donge halichachi. Likiwekwa kwenye chupa yenye maji na kifuniko kinachobana, linalala salama mpaka asubuhi, akalichome mchana pamoja na wenzake wa duara. Na tangu 2019 Geita ina soko la madini, hakuna haja ya kumaliza kila kitu gizani. Mwambie pia aangalie mikono yake mwenyewe. Wachomaji wa muda mrefu huanza kutetemeka vidole, kusahau, kukasirika bila sababu. Wakati mwingine mwanamume anayekataa kuogopa kwa ajili ya mkewe huogopa akiona kijiko kinamtetemekea. Ikishindikana, mtume mtu anayemheshimu, awe mshenga wenu au mwenzake wa duara mwenye umri.

Nyumba isafishwe na yeye, wewe ukiwa na mtoto mmelala kwa ndugu. Madirisha wazi siku nzima. Asifagie sakafu kavu, maana ufagio unatawanya vitone. Apanguse kwa kitambaa chenye maji na sabuni, bati na kuta pia. Pazia na neti zifuliwe nje, zisichanganywe na nguo nyingine. Jiko la kuchomea lisipikiwe tena chakula, wewe pata jingine. Nguo za mwaloni zisilale chumbani, na chupa ya zebaki isikae ndani.

Mwaloni nako, beseni la zebaki liache kuanzia kesho. Glavu zinasaidia mikono, lakini kitambaa puani hakizuii mvuke, hata kiwe kizito namna gani, na wengi wanadanganyika hapo. Najua ujira wa siku ndio sukari ya nyumbani. Mwombe mwenye karasha kazi isiyo na zebaki wala vumbi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumpa mjamzito au anayenyonyesha kazi yenye hatari kwake au kwa mtoto, na inamtaka ampe nyingine inayofaa ikiwezekana. Najua machimboni sheria hiyo hutajwa kwa nadra, lakini itaje, kwa upole. Kuna wanaohamia kuuza chakula au maji. Ukifanya hivyo, kaa mbali na wanapochoma.

Rudi kliniki, usimkimbie yule nesi. Niliwahi kuwa nesi wa foleni ndefu kama ile, na wapo akina mama niliowaachia neno moja kama ulivyoachiwa wewe. Naumia kwa hilo mpaka leo. Mwambie, "Dada, nieleze." Omba vidonge vya kuongeza damu, na vidonge vya SP vya kuzuia malaria angalau mara tatu kabla ya kujifungua, kila dozi ikipishana mwezi, isipokuwa kama unatumia dawa ya kotrimoksazole (Septrin). Lala kwenye neti iliyofuliwa. Kuanzia wiki ya 20 watakupima tumbo kwa tepu, na sentimita hukaribiana na wiki za mimba. Zikibaki nyuma kwa tatu au zaidi, omba ultrasaundi siku hiyo hiyo, usiambiwe tu "tumbo lako ni dogo". Muulize daktari pia kama mkojo wako unaweza kupimwa zebaki. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina kanda yake Mwanza. Lakini usisubiri majibu ndipo utoe moto nje. Mtoto akizaliwa, mnyonyeshe.

Niandikie tena ukishapima damu, uniambie ilisoma ngapi na donge la juzi lilichomwa wapi. Na binti nieleze maneno anayoyasema, yote, hata kama ni matano.

Shangazi